Baada ya Mlipuko: Hukumu na Adabu za Kuishi na Manusura wa Ugaidi

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Siku ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mwezi wa Mfungo Saba mwaka 1419 Hijria, baada ya saa nne na nusu asubuhi, mabomu mawili yaliripuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam watu 11. Majeruhi walizidi 4,000. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi wa Nairobi liliporomoka na kuwafukia waliokuwamo. Watu wengi wa ofisi za karibu, waliposikia mlio wa kwanza, walikimbilia madirishani kutazama kuna nini. Bomu kubwa liliporipuka, vioo viliwapasukia usoni, na kwa sababu hiyo wengi walipoteza macho. Mwanamke mmoja alikaa siku kadhaa chini ya kifusi akizungumza na waokoaji, nao wakimpa moyo, lakini alifariki kabla hawajamfikia.

Kuhusu waliofanya kitendo kile mengi yameandikwa, na hukumu zimekwisha kutolewa. Waliobaki hai wameandikiwa machache. Baada ya kesi kwisha na waandishi wa habari kuondoka, mjane, yatima, aliyepofuka na yule ambaye hadi leo hushtuka mlango ukipigwa kwa nguvu, wamebaki mitaani mwetu na misikitini mwetu. Makala hii inakusudia kueleza sheria na sira zinatufundisha nini juu yao, ili imamu anapoulizwa awe na jibu, na jirani ajue wajibu wake.

KITENDO CHENYEWE KATIKA MIZANI YA SHERIA

Tuanze na jambo ambalo manusura ana haki ya kulisikia kutoka katika mimbari bila ya kigugumizi. Qur'ani Tukufu imetufundisha (Al-Maida: 32) kwamba kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama kuwaua watu wote. Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kwamba anayemuua mtu aliyepewa ahadi ya amani hataipata harufu ya Pepo (Bukhari). Wajumbe wa Musailima Mwongo walipofika Madina na kutamka maneno ya ukafiri mbele ya Mtume (S.A.W.), hawakuguswa, kwa kuwa mjumbe hauawi (Abu Daud). Ikiwa mjumbe wa mwongo aliyedai utume alisalimika, vipi kuhusu mpita njia, karani, mlinzi wa lango na mwanafunzi wa upigaji chapa?

Katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001, ulitolewa ushahidi kwamba mmoja wa washambuliaji alieleza kuwa saa ile ilichaguliwa kwa madai kwamba Waislamu wema wangekuwa wako msikitini. Hoja hii ni batili kwa njia mbili. Kwanza, saa nne na nusu si wakati wa swala ya Ijumaa, na Waislamu walikuwamo miongoni mwa waliouawa na waliojeruhiwa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, damu ya asiye Muislamu anayeishi nasi kwa amani haihalaliki kwa kuwa Muislamu hakuwapo pale.

Baadhi yetu, kila yanapotokea mambo kama haya, hukimbilia kusema "haya si yetu" kisha wakanyamaza. Ni kweli kuwa si mafundisho yetu. Lakini mtu aliyefiwa haji kwetu kutafuta utetezi wa jina letu. Anakuja kutafuta taazia.

MANUSURA WAWILI WA BI'R MAUNA

Katika mwezi wa Safar mwaka wa 4 Hijria (625), Abu Baraa Amir bin Malik, mkubwa wa Bani Amir, alimwomba Mtume (S.A.W.) awapeleke walimu Najd, naye akajifunga kuwalinda. Mtume (S.A.W.) aliwachagua wasomaji wa Qur'ani, wanaotajwa katika riwaya mashuhuri kuwa ni watu 70. Walipofika katika kisima cha Mauna, Haram bin Milhan (R.A.), mjomba wake Anas bin Malik, alitumwa na barua, akachomwa mkuki kutoka nyuma. Amir bin Tufail aliwaita watu wake wa Bani Amir wawashambulie walimu, nao wakakataa kuvunja ahadi ya mzee wao. Ndipo alipoyaita makabila ya Bani Sulaim: Ri'l, Dhakwan na Usayya. Hao wakawazunguka walimu na kuwaua.

Wawili walinusurika. Wa kwanza ni Ka'b bin Zaid (R.A.), aliyeachwa miongoni mwa maiti akidhaniwa amekufa. Aliokotwa akiwa na majeraha, akaishi mpaka vita vya Khandaq. Wa pili ni Amr bin Umayya (R.A.), aliyekuwa mbali na wanyama wa safari. Aliwaona ndege wakizunguka angani, akajua kwamba pana jambo. Alitekwa, kisha akaachwa huru.

Amr alirudi Madina peke yake akiwa na mzigo wa wenzake waliokufa. Njiani alikutana na watu wawili wa Bani Amir chini ya kivuli. Alisubiri mpaka wakalala, akawaua, akidhani amelipiza kisasi. Kumbe Bani Amir ndio waliokataa kushiriki katika mauaji, na wawili wale walikuwa na ahadi ya amani kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Alipofika Madina na kueleza, Mtume (S.A.W.) alimjulisha kwamba watu aliowaua ni wa kulipiwa diya, na akabeba jukumu la kuilipa.

Tuzingatie mambo matatu katika kisa hiki.

Kwanza, huzuni ya Mtume (S.A.W.) ilionekana. Anas (R.A.) amesimulia kwamba hakumwona akihuzunika kwa jambo kama alivyohuzunika kwa ajili ya wasomaji wale. Alisoma qunuti kwa muda wa mwezi mmoja, na huo ndio msingi wa qunuti ya maafa, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.) ni sunna katika swala zote tano pindi msiba unapowafika Waislamu. Kwa hiyo huzuni ya jamii ina mahali pake ndani ya swala, na haikuachiwa mtu mmoja aibebe nyumbani kwake.

Pili, manusura ana jeraha hata kama mwili wake ni mzima. Ka'b aliumia mwili. Amr hakuwa na kidonda, na yeye ndiye aliyeua watu wasio na hatia.

Tatu, uchungu wa Amr ulieleweka lakini haukuhalalisha kitendo chake. Mtume (S.A.W.) hakusema "hawa na wale ni kabila moja." Alilipa diya. Qur'ani imekataza nafsi kubebeshwa mzigo wa nafsi nyingine (Al-An'am: 164), na imekataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu (Al-Maida: 8).

Jambo la tatu linatugusa Waislamu wa Afrika Mashariki kwa pande mbili. Baada ya mlipuko wa 1998 serikali ya Kenya ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya Kiislamu ya misaada, na Waislamu wengi waliokuwa wakiomboleza pamoja na jirani zao walijikuta wakitazamwa kwa shaka. Tunapodai, na ni haki yetu kudai, kwamba tusibebeshwe kosa la wengine, inatubidi nasi tuiishi kanuni hiyo hiyo. Tusimhesabu kila asiye Muislamu kuwa ni mshirika wa madhila yanayowapata Waislamu kwingineko. Karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji walisimamisha basi na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa, na baadhi ya wanawake wakawapa Wakristo vitambaa vyao wajifunike. Mwalimu mmoja Muislamu alipigwa risasi, akafariki hospitali Januari 2016. Hao waliifahamu aya.

HUKUMU ZINAZOHITAJIKA SIKU ZA MWANZO

Imamu anaweza kuitwa usiku huo huo. Haya ndiyo masuala yanayoulizwa mara nyingi, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu:

(a) Je, aliyekufa kifusini ni shahidi? Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyeporomokewa na jengo ametajwa miongoni mwa mashahidi. Huyu ni shahidi wa Akhera: ana ujira huo kwa Mola wake, lakini hapa duniani ataoshwa, atavishwa sanda na kuswaliwa kama maiti wengine.

(b) Maiti aliyeungua au kuharibika kiasi kwamba akioshwa atanyambuka, atatayamamishwa. Kikipatikana kiungo tu cha mtu ambaye kifo chake kimethibiti, kitaoshwa, kitafunikwa na kuswaliwa, na nia itakuwa ni kumswalia mwenyewe mzima.

(c) Ikiwa maiti za Waislamu na wasiokuwa Waislamu zimechanganyika na haiwezekani kuzitambua, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba ni wajibu kuwaosha wote na kuswali, mswaliji akinuia wale walio Waislamu miongoni mwao. Hukumu hii iliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Anayedhani kuwa fiqhi inatutaka tuwatupe wasiojulikana ili tusije tukakosea, na airejee.

(d) Mke ambaye mumewe hakuonekana asiharakishwe kuingia eda wala asiachwe akining'inia. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi (Al-Baqara: 234), au mpaka ajifungue akiwa mjamzito, huhesabiwa tangu kufa kwa mume, na kifo huhitaji uthibitisho. Zama zetu alama za vidole na vipimo vya vinasaba hutoa dalili kubwa. Jambo hili lipelekwe kwa kadhi, lisiamuliwe barazani.

(e) Ndugu wanaorithiana wakifa pamoja na isijulikane nani alitangulia, hawatarithiana. Mali ya kila mmoja itakwenda kwa warithi wake walio hai.

(f) Kumpa taazia jirani asiye Muislamu kunafaa. Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa akakumbusha kuwa naye ni nafsi (Bukhari na Muslim).

HUZUNI NA KIWEWE SI UPUNGUFU WA IMANI

Baada ya mazishi huanza mtihani mrefu. Mtu halali, anaota moto, hawezi kupita barabara ile, anaogopa umati, anakasirika kwa jambo dogo. Baadhi yetu humwambia, "Subiri, imani yako ni ndogo," au humpeleka kwa mganga tukidhani ana pepo.

Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Yusuf: 84), naye ni nabii, na subira yake imesifiwa ndani ya sura hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mashavu, kuchana nguo na maneno ya kumkasirisha Mola. Machozi hayakukatazwa. Ama maradhi ya nafsi, wanazuoni wetu waliyajua zamani: Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu kizima juu ya kuitunza miili na nafsi, akaihesabu hofu na huzuni katika mambo yanayohitaji tiba.

Katika miezi ya mwanzo baada ya mlipuko wa Nairobi, matabibu wa maradhi ya akili wakiongozwa na Dakta Frank Njenga waliwahoji watu 2,883 walioguswa na tukio lile. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba kiasi cha watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe kikali. Walioelemewa zaidi ni pamoja na walioona mlipuko wenyewe, waliojeruhiwa na hawajapona, waliofiwa, waliofikwa na dhiki ya fedha, na wale ambao hawakuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni.

Tuyatazame mawili ya mwisho. Kuona mlipuko ni jambo lililokwisha kupita, hatuwezi kulirudisha nyuma. Lakini dhiki ya fedha na kukosa msiri ni mambo yaliyo mikononi mwetu sisi majirani. Sheria imeyawekea dawa yake: taazia na kutembeleana kwa hili, zaka, sadaka na wakfu kwa lile.

Mtume (S.A.W.) ilipomfikia habari ya kuuawa kwa Ja'far (R.A.) katika vita vya Muta mwaka wa 8 Hijria (629), aliamrisha watu wa Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha (Abu Daud na Tirmidhi). Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha waliofiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa unautuliza moyo (Bukhari na Muslim). Leo katika miji yetu mambo yamegeuka. Mfiwa ndiye anayepika. Tanga huliwa kwake, deni hubaki kwake, na siku turubai linapofunguliwa ndiyo siku ya mwisho kuonana naye. Sunna ilikuwa ni chakula kwenda nyumba ya msiba. Sisi tumekifanya kitoke.

Muda wa taazia ni siku tatu ili huzuni isifanywe kuwa ada, lakini haki ya jirani na mgonjwa haina siku tatu. Imamu mwenye busara huandika majina ya walioathirika, akawapangia watu wa kuwatembelea mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na mbili. Anayekwenda asimlazimishe manusura kusimulia, na akisimulia asimkatize kwa mawaidha. Akiona kwamba hali inazidi, au akisikia maneno ya kutaka kufa, amsindikize hospitali. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), na kisomo cha Qur'ani hakizuii tabibu.

Na asiyeweza kukaa katika msongamano wa watu kwa hofu inayomshika kweli, asikaripiwe. Hofu ya mtu juu ya nafsi yake imetajwa na mafukaha miongoni mwa nyudhuru za kuacha jamaa na Ijumaa. Aswali nyumbani, kisha asogezwe msikitini taratibu: mara ukumbini, mara safu ya nyuma karibu na mlango, mpaka moyo utulie.

WALIOPOTEZA MACHO NA VIUNGO

Mtume (S.A.W.) amesimulia kutoka kwa Mola wake kwamba mja anayetahiniwa kwa kupoteza macho yake mawili akasubiri, atalipwa Pepo (Bukhari). Lakini Mtume (S.A.W.) hakuishia kwenye bishara. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu, alikuwa muadhini wake, na zaidi ya mara moja alimwachia Madina awaswalishe watu. Mafukaha wa Kishafii wamesema kipofu na mwenye kuona ni sawa katika uimamu. Basi aliyepofuka kwa vioo vya Nairobi asipewe sadaka tu mlangoni baada ya swala. Apewe kazi anayoiweza: adhana, kufundisha, hesabu ya mfuko wa yatima kwa msaada wa katibu. Kuonewa huruma siku zote nako humchosha mtu.

FIDIA NI YA NANI?

Suala hili limevunja udugu wa nyumba nyingi. Fedha zinazotolewa baada ya msiba ni za aina mbili. Zinazotolewa kuwa badala ya damu ya marehemu huingia katika hukumu ya diya, nazo hurithiwa na warithi wote kwa mafungu yao baada ya madeni na wasia. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akiona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahak bin Sufyan (R.A.) alipomweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam urithi wake katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake (Abu Daud na Tirmidhi). Basi shemeji anayemwambia mjane "hii ni damu ya ndugu yetu, wewe haikuhusu" anashikilia rai ambayo Umar mwenyewe aliiacha.

Aina ya pili ni michango. Hii hufuata nia ya mtoaji: iliyotolewa kwa ajili ya mtoto fulani ni yake, na iliyotolewa kwa matibabu ya majeruhi ni ya matibabu. Walii wa yatima aikumbuke aya ya 10 ya Suratun Nisaa kabla hajaigusa.

Manusura wengi wa 1998 hawakupata hata cha kugombania. Mwaka 2020 Sudan ilikubaliana na Marekani kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wa mashambulizi kadhaa, likiwamo hili. Watu wa Nairobi na Dar es Salaam ambao hawakuwa raia wa Marekani wala waajiriwa wa ubalozi walibaki nje ya malipo hayo. Hao ndio mafakiri na wenye madeni waliotajwa katika aya ya zaka (At-Tawba: 60), na miongoni mwao wasiokuwa Waislamu wana fungu lao katika sadaka za hiari. Pale lilipokuwapo jengo la ubalozi Nairobi imejengwa bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2001, na majina ya marehemu yameandikwa ukutani. Kuyaandika majina ni wema. Kuwalisha waliobaki ni wajibu.

HITIMISHO

Ndugu Muislamu, anayeua watu sokoni, hotelini au ofisini anataka mambo mawili baada ya kifo cha aliowaua: walio hai waogopane, na kila aliyeumia akae peke yake na maumivu yake. Jamii inayowaosha na kuwazika maiti wote kwa heshima, inayopeleka chakula badala ya kukila, inayompa mjane fungu lake, inayomweka kipofu kwenye kipaza sauti cha adhana na isiyomwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, imemnyima yote mawili. Kwa hayo hatuhitaji amri ya serikali wala msaada kutoka nje. Yanaanza Ijumaa hii, kwa imamu kuuliza baada ya swala: ni nani katika mtaa wetu aliyefikwa na maafa haya, na ni lini mara ya mwisho tulipobisha hodi kwake?

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia, awaponye waliojeruhiwa miili na nyoyo, azihifadhi nchi zetu na atuongoze katika uadilifu. Wallahu A'lam.